Taa Imewekwa. Sasa Tuulizane: Nani Anaona, na Nani Bado Yuko Gizani?

Somo la vikundi vya kujisaidia: taa za barabarani zinazookoa nguvu za stima





Vikundi kadhaa vimetuletea lalamiko moja: "Zile taa mpya za sola zimeharibika. Jioni zinawaka vizuri, lakini usiku zinafifia. Mtu akipita zinawaka kwa nguvu, halafu zinafifia tena. Kuna mtu anatuchezea?" Wengine wamesikia kwamba kuna mkubwa fulani mjini anayezizima kwa simu ili pesa ziliwe. Mzee mmoja alituambia wazi kwamba taa ile ina macho, na yeye hapiti chini yake.

Tulipokwenda kuangalia, tulikuta taa nyingi hazijaharibika. Zilikuwa zikifanya kazi jinsi zilivyopangwa. Lakini tulikuta pia kwamba wananchi walikuwa na sababu nzuri ya kulalamika. Mambo haya mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja. Ndiyo maana tumeandaa somo hili.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo, wanakikundi waweze:
1. kueleza jinsi taa hizi zinavyofanya kazi, ili wasidanganywe na uvumi;
2. kukusanya maoni ya wale wanaotembea usiku, hasa wale ambao hawasemi mkutanoni;
3. kupeleka maombi yao kwa kaunti kwa njia inayofaa na kwa wakati unaofaa.

Muda: vipindi viwili vya saa moja na nusu, na usiku mmoja wa matembezi.
Vifaa: karatasi kubwa, kalamu za rangi, vijiti, mawe, majivu, na tochi.

1. TUANZE NA MAKOSA YETU WENYEWE

Miaka michache iliyopita tulisaidia kikundi kimoja kuandika barua ya kuomba taa za soko. Maombi yalikubaliwa, zikaletwa taa sita. Tuliketi na mwenyekiti, mzee wa soko, mwakilishi wa wadi na fundi, tukaamua mahali pa kuzisimamisha. Mkutano ulikuwa saa nne asubuhi, jua likiwaka. Nguzo mbili zikaenda kwenye stendi ya matatu, mbili mbele ya maduka, moja kwa ofisi ya chifu, na moja kwenye lango la kanisa. Siku ya kuzindua tuliimba, tukanywa chai, tukapiga picha.

Baada ya miezi mitatu mama mmoja anayeuza omena na sukuma wiki jioni alituvuta pembeni baada ya Misa. Akasema, "Mlituletea taa, asanteni sana. Lakini mimi nikifunga kibanda saa mbili na nusu, natoka kwa mwangaza naingia kwa kile kijia cha mtoni. Macho yameshazoea mwanga, sasa sioni kitu kabisa. Zamani angalau niliona kidogo." Kisha akatueleza kwamba wiki iliyotangulia binti yake alifukuzwa na mtu kwenye kijia hicho. Alikimbia, akaanguka, akavunjika mkono. Mtu huyo hakutambulikana.

Tulinyamaza. Hakuna hata mmoja wetu katika ule mkutano aliyekuwa amepita kijia hicho usiku. Wazee wetu walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tulipanga taa za usiku mchana, pamoja na watu wanaolala mapema.

Na yale aliyosema mama huyu juu ya macho ni kweli tupu. Jicho likitoka kwenye mwanga mkali huhitaji muda mrefu, hata kufika nusu saa, ndipo lizoee giza vizuri. Kwa hiyo taa yaweza kusaidia stendi na hapo hapo kuongeza hatari kwenye kijia kilicho karibu.

2. IGIZO FUPI

Mwezeshaji achague watu wanne waigize haya. Wasisome tu, waigize kwa maneno yao.

MZEE WA SOKO: Wananchi, sasa tuko na taa za kisasa! Hakuna bili ya stima, jua ndilo linatulipia. Pigeni makofi!

KIJANA WA BODA: Makofi baadaye, mzee. Hizi taa ni mbovu. Ikifika saa tatu zinafifia kama koroboi.

FUNDI: Si mbovu, ndugu yangu. Zimepangwa hivyo ili betri ifike asubuhi. Mtu akipita zinaongeza mwanga zenyewe.

MAMA MBOGA: Mwanangu, mimi nikihesabu pesa zangu nyuma ya meza, sipiti. Nimekaa. Mbona inanififilia?

FUNDI (anakuna kichwa): Inahisi kitu kinachosogea, mama.

MAMA MBOGA: Kwa hivyo nipunge mikono kama anayefukuza ndege kwenye mtama?

KIJANA WA BODA: Na yule amesimama kimya pembeni akitungoja, anabaki gizani. Mimi ninayepita ndiye namulikwa.

MZEE WA SOKO: Ninyi hamna shukrani! Mkizidi kulalamika, watang'oa hizi taa wazipeleke kwa wengine.

(Wote wananyamaza.)

Maswali ya kujadiliana, watu watatu watatu, kisha wote pamoja:
a) Tumeona nini katika igizo hili?
b) Kwa nini Mama Mboga na Kijana hawaridhiki? Kwa nini tena?
c) Je, haya hutokea kwetu? Tutoe mifano.
d) Kwa nini wote walinyamaza mwishoni? Ni nani hunyamaza katika mikutano yetu?
e) Tunaweza kufanya nini?

Mwezeshaji asikimbilie swali la mwisho. Swali la (d) ndilo lenye kazi. Pale tulipolitumia, akina mama walikaa kimya muda mrefu, halafu mmoja alipofungua mdomo, kila mtu akawa na la kusema.

3. TAA HIZI ZINAFANYA KAZI VIPI?

Taa za zamani za barabarani, zile za mwanga wa manjano, huwaka kwa nguvu ile ile tangu jioni hadi asubuhi, hata kama barabara haina mtu. Taa mpya huitwa LED. Hutumia karibu nusu ya stima ya zile za zamani, na mara nyingine chini ya nusu. Kwa mwanga uleule, gharama inapungua, na moshi wa mitambo ya kuzalisha umeme unapungua pia.

Ya sola ina sehemu nne. Paneli hupokea jua. Betri huweka akiba. Balbu ndiyo hutoa mwanga. Halafu kuna kifaa kidogo cha kuongoza, ambacho tunaweza kukiita mweka hazina wa taa. Mweka hazina huyu anajua kwamba akiba ni ya usiku mzima, yaani saa kumi na mbili hivi. Akitumia yote mapema, saa nane usiku hakuna kitu. Kwa hiyo jioni anatoa mwanga mwingi, baadaye anapunguza. Nyingine zina kifaa cha kuhisi: mtu au gari likisogea karibu, mwanga unaongezeka kwa muda mfupi. Haina macho, na mara nyingi hakuna mtu mjini anayeizima. Kwenye miji mikubwa ziko taa zinazoongozwa kutoka ofisini kwa kompyuta, lakini nyingi za vijijini hujiongoza zenyewe kwa mpango aliouweka fundi.

Sasa tujue udhaifu wake, kwa sababu nao ni wa kweli:

- Kifaa cha kuhisi huona mwendo. Aliyeketi kimya hakionekani, na anayevizia kimya hakionekani. Pia hufika mita chache tu.
- Miezi ya Juni hadi Agosti, kwenye sehemu za milimani, mawingu ni mengi. Paneli haipati jua la kutosha, na taa hufifia mapema.
- Vumbi, kinyesi cha ndege na kivuli cha mti hupunguza chakula cha betri.
- Betri ndiyo huchoka kwanza. Nguzo na paneli zaweza kukaa miaka mingi, lakini betri ikifa na hakuna aliyetenga pesa ya nyingine, mnabaki na nguzo ya kufungia mbuzi. Na betri ndiyo wezi hupenda.

Jambo la kushika: taa kupunguza mwanga si lazima iwe imeharibika. Na mwananchi kulalamika si lazima awe anapinga maendeleo. Kila upande una kitu cha kujifunza kwa mwenzake.

4. WENGINE WAMEONA NINI?

Msidhani malalamiko haya ni ya masoko yetu tu. Hata nchi tajiri zilipobadilisha taa zao, wananchi walisema, na mara nyingi walikuwa na haki.

Katika Uingereza na Wales, mabaraza mengi ya miji yalipunguza mwanga wa barabarani usiku, au kuuzima kabisa saa fulani, ili kuokoa pesa. Watafiti walichunguza takwimu za maeneo 62 kwa miaka ya 2000 hadi 2013. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 walisema hawakupata ushahidi kwamba ajali au uhalifu uliongezeka kwa sababu hiyo. Hii ni habari njema kwa wanaotaka kuokoa stima. Lakini watafiti wengine wa kazi hiyo hiyo hawakuishia kwenye takwimu. Walikwenda maeneo 8, wakajaza fomu na kaya 520, na wakatembea pamoja na wakaaji kwenye njia zao. Walisikia mambo mengi. Wako walioogopa kutoka nje usiku. Wako waliofurahi kuziona nyota tena. Na wako waliosema kwamba mji ukizima taa, ni kama serikali imewasahau. Mnaona? Mtu akiitazama taa, anatazama pia kama anajaliwa au hajaliwa.

Huko Marekani, mji wa Davis katika jimbo la California uliweka taa mpya nyeupe mwaka 2014. Wakaaji walilalamika kwamba zinaumiza macho na kuingia vyumbani mwao. Mji ukalazimika kubadilisha mamia ya taa hizo na kuweka zenye mwanga mwekundu-mwekundu kama wa taa ya mafuta. Mwaka 2016 Chama cha Madaktari cha Marekani kikashauri miji itumie taa za kipimo cha Kelvin 3000 au chini yake, zifunikwe juu ili mwanga uelekee chini, na zipunguzwe mwanga pale inapowezekana. Tukumbuke namba hiyo, 3000. Huandikwa kwenye karatasi ya taa. Namba ikiwa kubwa, mwanga ni mweupe unaoelekea bluu na hung'aa machoni.

Wakulima wa jimbo la Illinois walilalamika kwamba maharagwe ya soya yaliyo karibu na taa za barabarani hubaki kijani wakati mengine yamekomaa. Wachunguzi walipopima, walikuta ni kweli. Soya huhesabu urefu wa usiku ili ijue majira. Ikimulikwa, inapotea hesabu. Nasi tunaolima mpaka ukingoni mwa barabara, mkulima akisema shamba lake halikomai vizuri chini ya nguzo, tusimcheke. Tukaangalie.

Mfano wa mwisho. Watafiti wa Eindhoven, Uholanzi, walifikiri kwamba mtembeaji angependa mwanga uwe mbele yake, ili aone hatari mapema. Walipowauliza watembeaji mwaka 2012, wengi walipenda mwanga uwe pale pale walipo. Wataalamu walikuwa wamekisia vingine. Lakini Kijana wa Boda katika igizo letu hapendi kumulikwa peke yake, na naye ana sababu zake. Hakuna jibu moja la watu wote. Basi njia ni kuulizana.

5. TUTAFAKARI KATIKA IMANI

Someni Luka 15:8-10, juu ya mwanamke aliyepoteza sarafu. Aliwasha taa kwa sababu kulikuwa na kitu cha thamani kilichopotea gizani, na akamulika pale palipokuwa na uhitaji. Je, taa zetu tumezielekeza kwenye lango zuri, au kule anakopotelea mtu?

Kanisa linafundisha tangu waraka wa Papa Pius wa Kumi na Moja wa mwaka 1931, Quadragesimo Anno, kwamba jambo ambalo watu wa chini wanaweza kulifanya wenyewe, wakubwa wasiwanyang'anye. Naye Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba wenyeji wa mahali wawe na nafasi ya pekee pale mradi unapojadiliwa. Kuokoa nguvu za stima ni kutunza kazi ya Mungu. Kumsikiliza mama wa kijia cha mtoni ni kazi hiyo hiyo.

6. TAA NI HAKI YETU, SI ZAWADI

Mzee wa soko katika igizo alitisha watu kwamba taa zitang'olewa. Wengi wetu huamini hivyo. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, inaziorodhesha taa za barabarani kati ya kazi za serikali ya kaunti. Sehemu hiyo hiyo inaipa kaunti wajibu wa kuhakikisha wananchi wanashiriki katika uongozi wa mahali pao. Kwa hiyo anayeuliza juu ya taa haombi fadhili.

Shikeni tarehe hizi. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hupelekwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti hupelekwa kufikia tarehe 30 Aprili. Ukija na maombi yako baada ya hapo, mara nyingi pesa zimeshapangiwa kazi. Pia, kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ukiandika kuomba habari kwa ofisi ya umma, inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Andika barua, weka nakala, nakala ipigwe muhuri.

7. KAZI YA KIKUNDI: MATEMBEZI YA USIKU

Hatua ya kwanza: Chora ramani chini kwa majivu. Mawe yawe nyumba, vijiti viwe nguzo. Akina mama wachore yao, vijana yao, wazee yao. Halafu zilinganisheni. Kule tulikofanya hivi, ramani ya wazee haikuwa na kijia cha mtoni kabisa.

Hatua ya pili: Chagueni usiku usio na mbalamwezi, maana mbalamwezi itawadanganya. Mwarifuni mzee wa kijiji na chifu. Mwende watu wanane au zaidi, wanawake wasipungue nusu, na mtu yeyote asibaki nyuma. Asiyeona vizuri na anayetembea kwa mkongojo waalikwe, wao wanajua mashimo yote.

Hatua ya tatu: Tembeeni mara mbili, saa mbili usiku na saa kumi na moja alfajiri, wakati wa kwenda kuchukua gari la kwanza. Kwa kila nguzo andikeni: inawaka, imefifia au imezimika, uso wa mtu unatambulika kwa hatua ngapi, kivuli kiko wapi, nani hupita hapa. Zimeni tochi kidogo mkitoka kwenye mwanga, mjionee alichosema yule mama.

Hatua ya nne: Tenganisheni yanayotuhusu sisi na yanayohusu kaunti. Kukata matawi na kuripoti mapema ni kazi yetu. Sanduku la betri na nyaya tusiguse. Ni kazi ya fundi wa kaunti. Kwa kaunti ulizeni haya: Dhamana ya betri ni ya miaka mingapi? Nani atanunua nyingine? Saa ya kupunguza mwanga yaweza kusogezwa? Taa ni Kelvin ngapi? Nambari ya simu ya kuripoti iandikwe kwenye nguzo?

Kikundi kile tulichokosea kilifanya matembezi haya. Walipeleka maombi mawili tu. La kwanza, mwanga usipunguzwe kabla ya saa nne, kwa sababu soko hufungwa saa tatu na nusu. Fundi alibadilisha mpango huo kwa siku moja, bila gharama. La pili lilikuwa gumu: nguzo moja ihamishwe iende kwa kijia cha mtoni. Kila mtu alitetea nguzo yake. Mwishowe Baba Paroko alisema lango la kanisa lina balbu yake, ihamishwe hiyo. Barua za kaunti zilichukua miezi saba. Binti wa yule mama ndiye aliyeshika kamba ya kupimia siku ya kuchimba shimo.

Kijia kile ni kirefu, na taa moja haikitoshi. Mwaka huu wameandika tena, kabla ya Septemba.

MASWALI YA KUFUNGA

1. Katika kijiji chetu, ni nani hajawahi kuulizwa juu ya taa?
2. Ni nguzo gani kwetu imewekwa kwa ajili ya heshima kuliko uhitaji?
3. Tutatembea usiku gani, na nani atatunza daftari?

Tuandikieni mliyoyaona. Mungu awabariki katika kazi zenu.